Fremu Nyeusi ya Zablon

Siku Zablon Nyawade alipotoweka ilikuwa Jumatano, na mto Migori ulikuwa umepanda mpaka maji yakawa yanalamba vyuma vya daraja. Mvua ile ambayo redio iliita El Niño ilikuwa imenyesha bila kupumua. Asubuhi watu walimwona Zablon darajani, mwavuli kwapani na kamera shingoni, akipiga picha za mto kama alivyozoea kupiga kila kitu cha mji ule. Adhuhuri kamera ilikuwa inaning'inia kwenye ukingo wa daraja, mwavuli umelala chini yake, na mwenyewe hayupo. Muuza omena mmoja alipiga ukemi. Punde si punde mji mzima ulikuwa umejipanga kando ya mto, ukitazama maji ya rangi ya chai ya maziwa yakipita na migomba, mbuzi, na mlango wa choo cha mtu.

Dorah, mke wa Zablon, alishuka mpaka kwenye matope akamwita mumewe. Hakumwita Baba Emmaculate kama kawaida. Alimwita Zablon, tena na tena, mpaka sauti ikamkauka.

Uchunguzi ulimwangukia Inspekta Magige Wangwe wa kitengo cha upelelezi. Wangwe alikuwa Mkuria wa upande wa Isebania, mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kutembea akizunguka kitu kabla ya kukigusa. Aliizunguka ile kamera pale ukingoni huku umati ukimsukuma mgongoni. Mambo mawili hayakumkalia vizuri. Ukanda wa kamera ulikuwa umezungushwa mara mbili kwenye chuma na kufungwa. Na kifuniko cha lenzi kilikuwa mahali pake, kimebanwa barabara.

Mtu anayebebwa na maji akipiga picha hapati nafasi ya kufunika lenzi. Wangwe aliichukua kamera na filamu yake ndani, akaifungia kwenye kabati ya stesheni. Moyoni aliandika neno moja: mkono. Kuna mkono wa mtu hapa.

Kutoka darajani alikwenda kwenye studio ya Zablon, chumba kimoja chenye mlango wa kijani, mkabala na stendi. Kila mtu Migori aliijua. Ndani kulikuwa na kiti cha kupigia picha, na nyuma ya kiti pazia ambalo Zablon alilichora mwenyewe: daraja la mji, mto chini yake, anga la samawati kupita kiasi. Lakini kilichowaingiza watu mle hakikuwa pazia. Ukutani Zablon alikuwa ametundika picha za kale za mji, alizozikusanya kwa miaka kutoka kwa familia za wazee na kwa mwenye duka mmoja wa Kihindi aliyehama. Kulikuwa na daraja likijengwa, wanaume wamebeba mawe vichwani. Kulikuwa na kiwanda cha kuchambua pamba, magunia yamepangwa mpaka darini. Kinu cha unga kilichosukumwa na maji. Lori la mgodi wa dhahabu. Maduka ya mabati yenye baraza. Watu waliingia bila haja ya kupigwa picha, wakasimama mbele ya ukuta ule wakitafuta baba zao kati ya wabeba pamba. Zablon aliwaachia. Yeye kazi yake ilikuwa kutafuta mahali mpiga picha wa zamani aliposimama, asimame hapo hapo, apige picha hiyo hiyo upya.

Siku hiyo ukuta ulikuwa mtupu. Misumari ilibaki, na chini ya kila msumari alama ya mraba, nyeupe kuliko rangi nyingine ya ukuta.

Kila mtu alijua picha zile zilikuwa na adui. Kiwanda cha pamba kilikufa zamani, na uwanja wake kando ya daraja ukawa soko la akina mama wa samaki. Mwaka ule bwana mmoja wa Nairobi alikuja na hati, akasema uwanja ni wake tangu enzi, akaanza kujenga ukuta. Akina mama walikwenda kortini Homa Bay. Ushahidi wao ulikuwa picha za Zablon, zilizoonyesha uwanja ule ukiwa wa umma, na njia ya kwenda mtoni ikipita katikati yake. Kesi ilikuwa imepangwa kusikilizwa, na Zablon alikuwa shahidi.

Msimamizi wa ujenzi wa ukuta aliitwa Osoro, mtu mnene aliyevaa buti za mpira hata jua likiwaka. Watu walikuwa wamemsikia akimwambia Zablon mbele ya studio kwamba mto una njaa mwaka huu. Wangwe alimwita stesheni.

Osoro hakukana. Alisema ni kweli alitamka hayo, na kwamba alikuwa amekasirika, maana fotografa yule alikuwa akiwapiga picha vibarua wake kama nyani.

"Jumatano asubuhi ulikuwa wapi?" Wangwe aliuliza.

"Nilikuwa juu ya ukuta wangu nazuia usianguke, afande. Vibarua wote waliniona. Hata wale akina mama wanaonitukana waliniona."

"Na picha za ukutani?"

"Ningezitaka ningezinunua. Picha haiwezi kuua mtu."

"Inaweza kumfanya mtu auawe."

Osoro alicheka kidogo, akafuta buti yake kwa kidole. Kisha akauliza, kama anayeuliza habari za mvua, kama mwili umepatikana. Wangwe alisema bado. Osoro akasema basi akipatikana, mzima au mfu, kuna watu Nairobi ambao wangependa kujua mapema. Alilisema hilo bila kuinua macho.

Akina mama wa samaki waliulizwa mmoja mmoja. Walimchukia Osoro kuliko walivyochukia mvua, lakini wote walisema hivyo hivyo: Jumatano asubuhi alikuwa juu ya ukuta, analoa kama kuku.

Siku zikaenda. Wavuvi walishuka na nyavu mpaka kwenye bonde la chini, wakarudi mikono mitupu. Nyumbani kwa Nyawade turubai lilifungwa Alhamisi ile ile, viti vikakodishwa, na watu wakaanza kulala hapo. Mbele ya turubai, juu ya kigoda kilichotandikwa kitambaa cheupe, iliwekwa picha ya Zablon. Ilikuwa picha kubwa, katika fremu nyeusi yenye kioo. Zablon amekaa wima, tai shingoni, mikono juu ya magoti, anamtazama kila anayeingia. Nyuma ya bega lake la kushoto lilionekana bomba refu la moshi. Wangwe alipoiona mara ya kwanza alidhani ni bomba la kiwanda cha pamba, akaona inafaa.

Zedekia, kaka mkubwa wa Zablon, alimweleza kwamba aliikuta studioni, nyuma ya kaunta, imefungwa kwa gazeti. Alikuwa amekwenda kutafuta hata picha ya kipande, ile ndogo ya kitambulisho, ya kukuzwa, akakuta Mungu ameshaandaa.

"Ndugu yangu alizipiga picha za matanga ya tarafa nzima," Zedekia alisema. "Siku yake mwenyewe tungemwekea picha gani? Nashukuru."

Jumatatu wazee walikaa. Mwili ukikosekana, Wajaluo hawaachi nyumba wazi. Wanatafuta yago, tunda refu zito la mti wa yago, linafikia urefu wa mkono wa mtu, wanalivika nguo za marehemu, wanalizika mahali pake. Waliamua iwe Ijumaa, kwa kuwa Jumamosi ni Sabato na nyumba ile ilikuwa ya Waadventista. Mchungaji alisema hatakuja, lakini pia hatakataza.

Aliyekataza ni Dorah. Alisimama langoni akasema tunda halitaingia. Wazee hawakutaka kumpita mke kwa nguvu, wakarudi kuketi, na tangu hapo alikuwa akiamka alfajiri na kukaa langoni juu ya ndoo iliyopinduliwa, akishona, akiinua kichwa kila gari lilipopunguza mwendo.

Zedekia alimfafanulia Wangwe kando. "Akishazikwa hivyo, afande, amekufa. Hata akitokea kesho akitembea kwa miguu yake, hapiti lango hili. Watoto hawamwiti baba. Ndiyo maana mkewe, nyar Karungu, binti wa Karungu, anakataa. Lakini hatuwezi kumlaza ndugu yangu nje milele."

"Nipe mpaka Ijumaa," Wangwe alisema.

"Ijumaa saa nne tunachimba," Zedekia akasema.

Wangwe alibaki na kitu kimoja ambacho hakijasema: filamu ndani ya kamera. Lakini Migori hakukuwa na mtu wa kuisafisha. Chumba cha giza cha mji kilikuwa kimoja tu, na mwenye ufunguo wake ndiye aliyekuwa akitafutwa. Alikwenda mpaka Isebania kwa mpiga picha wa mpakani. Yule alisema yeye hupiga za vitambulisho tu, na filamu zake zote huwa anazituma kwa Zablon. Kazi kubwa zaidi, za kukuza na kutia fremu, Zablon mwenyewe huzipeleka Homa Bay, kwa mwanamke anayeitwa Mourine.

Na Homa Bay hakukuwa na njia. Kalvati la mbele ya Uriri lilikuwa limebebwa na maji Jumatano alasiri, siku ile ile, likaondoka na nguzo za simu. Hakuna gari lililokuwa limepita tangu hapo, wala habari. Wangwe alikwenda kulitazama kila siku, akazunguka lile shimo kama alivyozunguka kamera, mpaka makondakta wakaanza kumtania kwamba afande anataka kuliwekea pingu. Usiku wa Jumatano ya pili vijana walimaliza kujaza mawe. Alhamisi asubuhi Landrova ya polisi ilivuka ya kwanza, maji yakiingia mlangoni, kamera mapajani mwa Wangwe.

Studio ya Mourine ilikuwa karibu na gati, ghorofa ya chini, ikinuka dawa na samaki wa kukaanga kutoka mlango wa pili. Mourine mwenyewe alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi, akimpanga bibi harusi mmoja aliyechelewa kupiga picha na tumbo limeshatangulia. Alimwambia Wangwe asubiri. Wangwe alisimama, akatazama kiti cha kupigia picha, kisha pazia nyuma ya kiti.

Lilikuwa limechorwa ziwa, gati, na meli ya abiria imefunga kamba. Meli ilikuwa na bomba refu la moshi, na bomba lile liliangukia upande wa kushoto wa bega la bibi harusi.

Ndilo bomba lile lile la picha ya kwenye kigoda.

Bibi harusi alipoondoka, aliuliza kama pazia ni la siku nyingi. Mourine alisema la, la zamani liliharibiwa na paa lililovuja mvua hizi zilipoanza. Rangi ya hili bado ukiigusa inakwama kidoleni. Basi Zablon alipigwa picha ile majuzi tu. Ndipo macho yake yakashuka mikononi mwa Wangwe.

"Hiyo kamera ni ya Zablon," alisema. "Mbona iko na wewe? Alisema ataileta mke wake."

Wangwe alimweleza taratibu, kama anavyoelezwa mtu wa familia. Alimwambia kuhusu mafuriko, daraja, kamera ukingoni. Alisema anasikitika kuwa wa kwanza kuleta habari, lakini Zablon ni marehemu tangu Jumatano ya wiki iliyopita.

Mourine alivua miwani. "Marehemu gani anakunywa chai?"

"Samahani?"

"Alhamisi ya wiki iliyopita alikaa hapo ulipo wewe, akanywa vikombe viwili na mandazi yangu yote. Matope mpaka magotini. Alisema lake ndilo gari la mwisho kupita Uriri kabla kalvati halijaenda. Afande, nani amekuambia amekufa?"

Wangwe aliweka kamera juu ya kaunta.

Kisha akauliza maswali yake kwa mpangilio, na Mourine akajibu, huku hasira ikimpanda kadiri alivyoelewa. Ndiyo, Zablon alipigwa picha hapa, kabla ya mafuriko. Alikaa mara mbili. Ya kwanza aliikataa, akasema shingo imekaa kama ya mtu anayeombewa. Mourine alimtania kama anataka kuoa tena. Yeye akasema anataka picha ya kukaa nyumbani miaka mingi, ikuzwe, iwekwe fremu nyeusi, na kioo kisiwe cha kuakisi. Siku chache baadaye alikuja akaichukua.

"Kwa nini ajipige picha ya matanga?" Wangwe aliuliza, ingawa alishaanza kujua.

"Umewahi kuona picha za matanga za watu wetu?" Mourine alisema. "Kichwa kimekatwa kwenye picha ya harusi ya mtu mwingine, mkono wa jirani umebaki begani. Ama ya kipande, macho yametoka kama mwizi. Zablon hakuweza kuvumilia hiyo. Na nani angemtengenezea Migori? Yeye ndiye angeitengeneza."

Kwa hiyo mkono ulikuwapo kweli. Ni mkono wa mwenye kamera, aliyefunika lenzi kwa sababu hakuweza kuiacha wazi kwenye mvua, akafunga ukanda mara mbili ili mto usije ukaichukua, ionekane amezama na ifike kwa mkewe.

Mourine aliingia chumba cha giza na filamu. Alipotoka, picha zikiwa bado zinadondosha maji, alizitandaza. Zilikuwa za uwanja wa pamba: ukuta wa Osoro, msingi wa mizani ya zamani ukitokeza chini ya mawe mapya, njia ya mtoni imezibwa. Kisha akafungua kabati, akatoa bahasha kubwa iliyofungwa kwa nailoni. Ndani yake zilikuwa picha zote za ukutani. Aliweka ile ya kale ya kiwanda kando ya mpya. Mizani ile ile, njia ile ile, jiwe lile lile lenye ufa karibu na daraja. Zablon alikuwa amesimama pale pale.

"Alisema wanamtafuta," Mourine alieleza. "Alisema filamu lazima ije kwangu, hakuna mwingine, na Dorah ndiye ataileta. Akija, nimpe hizi, nimwambie ametangulia visiwani na atatuma neno kesi ikiisha. Nimengoja. Nikasema barabara imekatika, atakuja."

"Kamera niliifungia mimi," Wangwe alisema. "Kama kielelezo."

Mourine alimtazama, akavaa miwani yake tena.

"Kisiwa gani?"

"Hakuniambia. Na angeniambia nisingekuambia."

Landrova ilirudi njia ya Rongo kwa kasi ambayo dereva alilalamikia. Walifika nyumbani kwa Nyawade jua likiwa bado juu ya miti. Ndani ya turubai wanawake walikuwa wanamenya ndizi. Nje ya uzio, juu ya majani, lilikuwa limelazwa tunda la yago, la kijivu, na kando yake suti ya Zablon imekunjwa. Dorah alikuwa langoni, juu ya ndoo yake.

Wangwe alimwomba waende nyuma ya jiko. Alimpa bahasha kwanza, kisha akamwambia yote, bila kupunguza. Dorah alisikiliza akiwa amesimama, mkono mmoja juu ya ukuta wa jiko. Wangwe alipofika kwenye chai na mandazi, Dorah alimzuia.

"Alhamisi?"

"Alhamisi."

"Alhamisi ndiyo nilinyolewa nywele za ujane."

Wangwe alimweleza kuhusu kalvati, na kuhusu kamera iliyokaa kabatini kwa amri yake. Alisema Zablon alitegemea yeye apate neno mapema, na kwamba kosa la kuchelewa ni la mvua na la polisi.

"Asubuhi ile nilimkorogea uji," Dorah alisema. "Alikunywa akamaliza. Angeweza kuniambia akiwa na kikombe mkononi. Alimwambia mwenye studio Homa Bay. Mimi nilikuwa mtoni namwita, yeye yuko ndani ya gari."

Aliifungua bahasha, akapekua picha moja moja mpaka akafika kwenye ile ya wabeba pamba. Akaitazama kwa muda.

"Ukiwaambia wazee yuko hai, yule wa buti za mpira atajua lini?"

"Kabla ya giza kuingia."

"Na wakijua watamfuata."

"Nafikiri hivyo. Ninaweza kuomba ulinzi, lakini siwezi kukuahidi kitu." Wangwe alitazama upande wa uzio. "Lakini Mama Emmaculate, likizikwa lile, harudi. Shemeji yako amenieleza."

"Wewe umeelezwa juzi. Mimi nimezaliwa nikijua."

Alizirudisha picha, akafunga nailoni kwa mafundo mawili, akaiweka bahasha kwapani chini ya leso. Kisha akatoka nyuma ya jiko, akapita katikati ya wanawake wa ndizi, akafika kwenye kigoda. Manyunyu ya mvua yalikuwa yamekaa kwenye kioo. Aliyafuta kwa ncha ya leso, akainyoosha fremu ambayo upepo ulikuwa umeipindisha, mpaka Zablon akatazama lango moja kwa moja.

Zedekia aliinuka kutoka kwa wazee.

"Liingizeni," Dorah alisema.

Akachukua ile ndoo yake langoni, akaenda kuchota maji ya wapishi.

Zedekia alimtazama Wangwe, akitaka kujua kama polisi wana neno. Wangwe alisema uchunguzi unaendelea, na kwamba kwa sasa hana cha kuwaambia wazee. Katika faili aliandika hivyo hivyo. Njiani kurudi stesheni alipita darajani. Osoro alikuwa juu ya ukuta wake na vibarua. Aliuliza kwa sauti kama kuna habari, na Wangwe akamjibu kwamba kesho kuna mazishi.

Kaburi litachimbwa saa nne, upande wa kulia wa nyumba. Kesi itasikilizwa Jumatatu, Homa Bay, na shahidi atakayezibeba picha ni mjane.